Somo: Kupanga akiba ya kipindupindu kwenye zahanati kabla ya mvua

Mvua zikikolea, barabara ya kwetu hukatika na gari la dawa haliji. Akiba huwekwa kabla. Zahanati moja niliyowahi kufanyia kazi, tulijisifu kwamba katoni za Ringer, yale maji ya dripu, zimefika darini. Usiku akaletwa mama kwa machela, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Kutafuta, mipira ya dripu ipo miwili tu, na mmoja umechanika pakiti.

Hatua ya 1. Hesabu wagonjwa, si katoni. Makadirio ya WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa wagonjwa 100 ni pakiti 650 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa) na chupa 120 za Ringer za lita moja, pamoja na mipira yake. Hiyo 120 inatokana na wagonjwa 20 wanaofika wamekauka maji kabisa, kila mmoja lita 6. Ukitarajia wagonjwa 30, weka ORS 195 na Ringer 36.

Hatua ya 2. Funga kwa mgonjwa. Mfuko mmoja: Ringer 6, mipira, kanula (sindano za kuingizia dripu kwenye mshipa) tatu au nne, plasta, glovu. Kanula zizidi, maana mishipa ya mgonjwa huyu imelala na utachoma zaidi ya mara moja.

Hatua ya 3. Klorini ikae mbali na dawa, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kamwe si kwenye bati. Mvuke wake unakula chuma na kuharibu vilivyo jirani. Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70: kijiko cha chakula kwa lita 20 ni ya kunawa mikono, kijiko hichohicho kwa lita 2 ni ya sakafu na ndoo za kinyesi. Piga mstari wa rangi kwenye ndoo, usiku hakuna anayepima.

Hatua ya 4. Akiba isilale. Kinachoisha muda mapema kitoke mapema. ORS za akiba wape watoto wanaoharisha kila wiki, shehena mpya irudi nyuma ya rafu. Leja ijazwe siku hiyohiyo. Leja ya kujazwa mwisho wa mwezi ni hadithi.

Ndoo, sabuni na mashuka ya plastiki mnayajua.

MASWALI

Swali: Kaka, mfawidhi wangu hataki ORS za akiba ziguswe mpaka mlipuko utangazwe.
Jibu: Mpeleke stoo, umwonyeshe tarehe kwenye katoni. Kubishana naye ofisini hakusaidii.

Swali: ORS imegandana ila tarehe haijapita. Nitupe?
Jibu: Ikiwa bado nyeupe na inayeyuka, tumia. Ikishakuwa donge la kahawia lisiloyeyuka, tupa.

Swali: Ringer ikiisha, nitundike dextrose?
Jibu: Hapana, dextrose tupu ni maji ya sukari, haimwokoi. Tundika normal saline, yaani dripu ya maji ya chumvi, na akianza kumeza tu mpe ORS, kwa sababu saline haina potasiamu, madini anayoyapoteza kwa kuharisha.

Swali: Mimi nimetoka kuhesabu sasa hivi. Ringer 40, mipira 2.
Jibu: Basi, dada, una akiba ya wagonjwa wawili. Agiza mipira leo.