Namna ya kumshuhudia mtu mwenye moyo mgumu

Farao alikuwa na vyura hadi kwenye meko na kwenye vyombo vya kukandia unga. Musa alipomwuliza ni lini amwombee ili waondolewe, akajibu: "Kesho" (Kutoka 8:10). Vyura wamejaa kitandani, na bado anataka kulala nao usiku mmoja zaidi! Kabla hujatoka kwenda kushuhudia Manzese au Mbagala hapa Dar es Salaam, kaa na sura hiyo mpaka ikuingie. Moyo mgumu hauji na matusi kila mara. Mara nyingi unakupokea vizuri, unakupa kiti, halafu unakuambia kesho. Feliki, liwali wa Kirumi, naye aliposikia habari za haki, kiasi na hukumu aliingiwa na hofu, kisha akamwambia Paulo aende zake, atamwita akipata nafasi (Matendo 24:25).

Anza na moyo wako. Maonyo mengi ya Biblia kuhusu mioyo migumu yaliwaangukia watu wa Mungu wenyewe. Zaburi ya 95 na Waebrania 3 zinawasema Waisraeli jangwani. Katika Marko 8:17 Yesu anawauliza wanafunzi wake kama mioyo yao ni mizito, nao walikuwa wametoka kula mkate wa muujiza. Kwa hiyo usimwite jirani Mwislamu mwenye moyo mgumu kwa sababu tu anashika dini yake. Jipime pia unatoka na nini. Yesu aliwatazama wabishi kwa hasira huku akiona huzuni (Marko 3:5). Ukiona unayo hasira tu, siku hiyo baki nyumbani uombe. Yakobo na Yohana walitaka moto ushuke uteketeze kijiji cha Wasamaria, wakakemewa.

Chagua saa. Hapa wengi huharibu kazi mapema. Kijiwe cha bodaboda asubuhi saa moja hadi saa tatu kina wateja; nenda saa nne na nusu, wakiwa wamekaa kivulini. Mama ntilie usimfuate saa saba mchana, watu wamepanga foleni ya wali. Mfuate saa tisa anapoosha vyombo. Kwenye daladala iliyojaa wengine wanahubiri, lakini abiria aliyebanwa mlangoni hasikilizi, anavumilia tu, na uvumilivu wa namna hiyo unamfanya achoke na Neno. Nendeni wawili, mzungumze dakika kumi na tano hadi ishirini, muage kabla hamjachosha. Mwanaume asiingie ndani kwa dada anayeishi peke yake, barazani panatosha.

Tafuta ugumu ulipoanzia. Wapo walioumizwa na kanisa. Wapo waliozaliwa kanisani, wakapata kipaimara, mistari wanaijua kuliko wewe, na hakuna neno linalowagusa tena. Wapo pia wanaojua kabisa kwamba wakiitika itabidi waache jambo fulani. Dawa ya mmoja haimtibu mwingine, na hutamjua ni yupi mpaka umsikilize. Tuseme umemkuta mama ntilie akiosha vyombo, unaanza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Ila kama ni mambo ya kanisa, mimi nilishamalizana nao."

Anayeanza kazi hii atakimbilia kusema, "Lakini Mungu anakupenda, mama." Ni kweli, ila mlango umefungwa hapo hapo, kwa sababu hakuulizwa kitu. Sema: "Walikufanyia nini, mama?" Kisha nyamaza. Chukua stilwaya, sogeza sufuria moja, sugua naye. Huenda utasikia habari ya fedha za mtaji zilizoishia kwenye mafuta ya upako wakati mtoto anaumwa. Usimtetee mtumishi aliyehusika, wala usimseme vibaya kwa jina. Mwambie, "Pole mama, hilo lilikuwa kosa." Siku ya kwanza hiyo inatosha.

Kuisema hukumu. Usiiache, kwa kuwa Paulo hakuiacha hata Athene. Ila iseme kwa mpangilio, kwa sentensi chache zinazobebeka:

"Mama, Mungu ameweka siku atakayouhukumu ulimwengu kwa haki. Mimi nitasimama pale. Aliyekudhulumu naye atasimama. Na Hakimu mwenyewe ndiye aliyekufa msalabani kwa ajili yetu, ndiyo sababu nimekuja leo."

Ona kwamba anayezungumza amejitaja wa kwanza. Ona pia kwamba kwa mtu aliyedhulumiwa, hukumu ni habari njema kabla haijawa onyo: kuna anayeona. Ukianza na moto wa jehanamu, atasikia unamtisha. Ukimaliza bila msalaba, umempa mashtaka bila wakili. Mlinzi wa Ezekieli 33 kazi yake ilikuwa kupiga tarumbeta. Kuwalazimisha watu wakimbie haikuwa juu yake. Na sura hiyo hiyo, mstari wa 11, Mungu anaapa kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Sauti yako ifanane na mstari huo.

Kuna kosa moja zito. Aliyepoteza nyumba kwa mafuriko ya bonde la Jangwani, au aliyefiwa, usimwambie kwamba Mungu amemhukumu. Yesu aliletewa habari za watu waliouawa, akataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4). Msibani peleka rambirambi, beba maji, panga viti.

Rudi wakati wa nafuu. Makanisa yetu yanajaa hospitalini na msibani, kisha yanapotea. Lakini soma Kutoka 8:15: Farao aliufanya moyo wake kuwa mzito alipoona kuna nafuu. Hatari kubwa huja baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka Muhimbili, au baada ya kazi kupatikana. Mtembelee siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kisha kila mwezi, na umkumbushe kwa upole alichosema alipokuwa kitandani. Waebrania 3:13 inasema mwonyane kila siku, maadamu iitwapo leo.

Swali ambalo halikosekani. "Kama Mungu ndiye aliyeufanya moyo wa Farao kuwa mgumu, kosa lake nini?" Fungueni maandiko pamoja. Katika mapigo matano ya kwanza tunasoma kwamba moyo wa Farao ulikuwa mgumu, au yeye mwenyewe aliufanya mzito. Pigo la sita, majipu, ndipo kwa mara ya kwanza panasemwa Bwana aliufanya mgumu (Kutoka 9:12). Usifiche, hata hivyo, kwamba Mungu alikuwa ametangulia kulisema katika 4:21, wala kwamba baada ya mvua ya mawe Farao anaufanya mzito tena mwenyewe (9:34). Makanisa hayafanani katika kulieleza jambo hili. Sema unavyoamini, bila kumaliza fumbo kwa ubabe.

Mipaka. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kueneza dini, na inaliacha jambo hilo kuwa hiari ya mtu. Kukashifu dini ya mwenzako ni kosa kisheria, na ni dhambi. Mkitaka kuweka vipaza sauti uwanjani, anzeni ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza vibali. Usipokee fedha nyumba kwa nyumba, wala usiahidi uponyaji kwa tarehe. Mtu akisema basi, acha kuhubiri, ila salamu zisikatike, na chumvi akiishiwa aje kwako kama zamani.

Akiitika. Aombe kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni mawili. Usimtume kanisani peke yake; mgeni anaogopa kusimamishwa ajitambulishe. Mwulize kama angependa kutajwa au la, uwaambie wazee mapema. Na Jumapili msikutane mlangoni mwa kanisa: mpitie kwake saa moja na nusu, mpande daladala moja.