Kukagua taa ya mbele ya mtumba kabla hujatoa hela

Nimeandika haya baada ya kumsindikiza dereva mmoja wa Noah kutafuta taa hapa Dodoma. Anasafiri usiku kwenda Manyoni, na muuzaji alikuwa na haraka kuliko sisi.

1. Lenzi. Itazame juani. Unjano wa juu unaondolewa kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, polishi, na vanishi ya kuzuia miale ya jua. Dawa ya meno achana nayo. Ikiwa na ufa, iache.

2. Rifleta, yaani sehemu ya ndani inayong'aa na kurudisha mwanga mbele. Chungulia kwenye tundu la balbu. Ikiwa imebabuka, rudisha. Usiifute, ule mng'aro ni utando mwembamba tu.

3. Upande wa mwanga. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa dimu (wa chini, wa kupishana) unatakiwa kukatika kwa mstari uliolala upande wa kulia, usimpofushe anayekuja, na kupanda upande wa kushoto, umwone mwenye baiskeli pembeni. Taa zilizotengenezwa kwa barabara za Japani ziko sawa, nao wanapita kushoto. Za Ujerumani au Ufaransa zinaweza kuingia kwenye gari bila shida, lakini zinapandisha mwanga kulia, usoni kwa dereva wa basi linalotoka Singida.

Ukiona herufi E ndani ya duara, alama ya kibali cha Ulaya, tafuta mshale. Ukiwa umeitazama taa kwa mbele, mshale unaoelekea kulia kwako maana yake ni taa yetu. E bila mshale, usinunue. Mshale wa pande mbili, inageuzwa. Mwambie muuzaji akuonyeshe inavyogeuzwa.

Sasa, taa nyingi za Japani hazina E kabisa, kwa hiyo omba betri uwashe dimu, mita 5 kutoka ukutani, kwenye kivuli kizito. Taa isimame kama itakavyokaa kwenye gari, ikiegama kidogo mstari wote unapinda nawe unailaumu bure. Tena tumia balbu ya halojeni: ya LED ya kuchomeka huvuruga mstari hata kwenye taa nzima. Mimi hizo sifungi.

4. Balbu. H4 ya volti 12, wati 60/55 (fuli/dimu). Usishike kioo chake kwa vidole.

5. Kufunga. Unajua. Ila kwa mita 5 mstari ushuke sentimita 5 chini ya usawa wa katikati ya taa, na upime gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana nyuma ikikaa chini, mwanga unapanda.