Kulinganisha matangazo ya runinga usiku wa matokeo ya uchaguzi, hatua kwa hatua

Binti mmoja wa mwaka wa tatu pale chuoni Malimbe alikuja na mada ya utafiti: kati ya vituo vinne vya runinga, kipi kilitangaza vizuri zaidi usiku wa matokeo ya uchaguzi, na kipi kilitazamwa zaidi. Nikamwambia hizo ni kazi mbili, na ukizichanganya tangu mwanzo haitasimama hata moja. Kilichoonyeshwa unakipima mwenyewe, kwa macho na kalamu. Waliotazama huwezi kuwapima. Utachukua namba za wengine, na kazi yako ni kujua namba hizo zinahesabu nini. Riziki yangu mimi ni kukaa mbele ya runinga hapa Nyegezi, Mwanza, na kuwaandikia wateja nani kasema nini saa ngapi, kwa hiyo naeleza ninavyofanya mwenyewe. Vitabu vya mbinu za utafiti vina njia zao.

Hatua ya 1: Chagua uchaguzi

Wengi hukimbilia wa nyumbani. Sikatazi, ila jua unaingia wapi. Mwaka 2015 tulipiga kura tarehe 25 Oktoba, na Magufuli akatangazwa mshindi tarehe 29. Siku zote hizo katikati Tume ya Uchaguzi ilikuwa inatoa matokeo ya urais kwa mafungu, majimbo kadhaa kwa wakati, na vituo vyote vikiyachukua kwenye meza ile ile. Mshindi wa urais hutangazwa na Tume peke yake. Kwa hiyo kuuliza nani alikuwa wa kwanza hakukupeleki mbali. Uliza vituo vilifanya nini kati ya fungu moja na jingine. TBC1 walijaza muda na nini? ITV je? Star TV, ambao makao yao ni hapa hapa Mwanza, walikuwa na mwandishi Sengerema au Ukerewe, au nao walikuwa wamekaa wanasubiri Dar es Salaam kama wengine?

Kwa mazoezi napenda zaidi Kenya, tarehe 9 Agosti 2022. Kwanza, saa zao ndizo zetu. Pili, tume yao ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu 34A za vituo vya kupigia kura, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Vituo vikubwa vya runinga vikaanza kujumlisha vyenyewe. Fomu ni zile zile, lakini ukibadilisha kituo unakuta hapa Ruto yuko mbele, kule Raila yuko mbele, kwa sababu kila chumba cha habari kilikuwa kinazijumlisha kwa mpangilio wake. Baadaye vikaacha kujumlisha. Matokeo rasmi yakatoka tarehe 15: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba uchaguzi wa fomu zipi uanze nazo ni uamuzi wa kihariri, mpe usiku ule autazame kwenye vituo viwili.

Kwa takwimu za watazamaji nenda Marekani. Kampuni ya Nielsen hutoa hesabu ya usiku wa uchaguzi siku moja tu baadaye, na kila gazeti huiandika.

Hatua ya 2: Rekodi

Hii mnaijua. Ninaongeza jambo moja: ukirekodi kwa king'amuzi kwenye flashi, hakikisha mapema kwamba faili linafunguka kwenye kompyuta. Ving'amuzi vingi hulifunga lisichezwe kwingine, na king'amuzi kikiungua rekodi imekwenda nacho.

Kutazama natumia programu ya VLC, kuandika natumia kaunta buku. Najua kuna programu za simu za kazi hii, na vijana huniletea mpya kila mara. Simu inapigiwa. Simu inaisha chaji. Umeme ukikatika saa nane usiku katikati ya matokeo ya jimbo la Magu, kaunta buku na tochi vinaendelea na kazi.

Hatua ya 3: Sawazisha saa

Hapa msiwe na haraka. Ripoti nyingi ninazoletewa nizisahihishe zimeharibikia hapa, na mwenyewe hajui, kwa sababu jedwali linaonekana safi kabisa.

Anza na namna ya kuandika saa. Mtangazaji anasema "saa nne na dakika kumi usiku". Pembeni ya kioo pameandikwa 22:10. Mwanafunzi mmoja anaandika 4:10, mwenzake anaandika 22:10, mnaunganisha kazi, mnabofya kupanga kwa saa, na habari ya saa nne usiku inajikuta imetangulia habari za saa mbili. Msipoikamata siku hiyo hiyo, itabidi mrudi kwenye rekodi mstari kwa mstari. Amueni kabla ya kuanza: kwenye buku na kwenye jedwali ni mfumo wa saa 24 tu. Kwa mdomo semeni saa nne mpendavyo.

Halafu tarehe. Usiku wa matokeo unavuka saa sita, na ukiandika saa bila tarehe, 00:15 itakaa juu ya 21:00. Kila mstari uwe na tarehe na saa, hata kama inachosha mkono.

Kwa nchi za mbali mambo yanaongezeka. Novemba, wakishaacha saa za majira ya joto, New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Usiku wa uchaguzi wa Marekani wa tarehe 3 Novemba 2020, Fox News walimpa Biden jimbo la Arizona saa 23:20 za kwao. Mwanza ilikuwa Jumatano tarehe 4, saa moja na dakika ishirini asubuhi, watu wamening'inia kwenye daladala za kwenda mjini. Shirika la habari la AP lilitoa uamuzi huo huo karibu saa 02:50 za kwao, kwetu kama saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Ukisoma tarehe kwenye gazeti la kwao na saa kwenye simu yako, utapoteza siku nzima.

Uingereza ndiyo inayowakamata hata wazoefu, kwa sababu hubadilisha saa majira ya joto. Uchaguzi wa Desemba 2019, saa nne usiku ya London ilikuwa saa saba usiku kwetu. Uchaguzi wa Julai 2024, saa nne usiku ile ile ilikuwa saa sita kamili. Usikariri tofauti ya saa. Itafute kwa kila tarehe. Na kwa kuwa tumefika huko: makadirio ya mlangoni, yaani kuwauliza wapiga kura wanapotoka kituoni, hutolewa na BBC, ITV na Sky kwa pamoja mara upigaji kura unapofungwa. Msihangaike kutafuta nani aliwahi. Tena mwandike wazi kwamba hiyo ni ITV ya Uingereza. Kuna msimamizi alidhani mwanafunzi anazungumzia ITV yetu ya Mikocheni, Dar es Salaam.

Sasa ucheleweshaji wa mitambo, ambao ndio mgumu. Kila mtu aliyewahi kutazama mpira anaujua: jirani mwenye antena anapiga kelele za goli, wewe unayetazama kwa bando bado unaona kona inapigwa. Usiku wa matokeo ni hivyo hivyo. Antena, dishi na YouTube havifiki pamoja, na YouTube inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi. Kwa hiyo ukiwa na kituo A kwenye king'amuzi na kituo B kwenye simu, halafu ukaandika kwamba A kiliwahi kwa sekunde 25, umepima intaneti yako.

Dawa yake ni kutafuta tukio moja ambalo vituo vyote vinalionyesha mubashara kutoka chanzo kimoja. Mwenyekiti wa Tume anafaa sana. Chagua neno moja analolitamka, kwa mfano jina la jimbo la kwanza kwenye fungu, na andika saa ya ukutani lilipotoka kwenye kila kifaa. Saa iwe moja kwa wote, simu ya mtu mmoja imewekwa mezani. Kifaa kilichowahi ndicho sifuri. Vingine utavipunguzia tofauti yao. Rudia kila baada ya muda, kwa maana mtandao ukizubaa YouTube huongeza ucheleweshaji wake bila kukuaga.

Hata baada ya hapo, mimi sitangazi nani wa kwanza kama tofauti haifiki dakika moja. Naandika "kwa pamoja". Wanafunzi huchukia hilo kwa sababu linaua kichwa cha habari walichokuwa wamekitunga.

Kama unatumia rekodi zilizobaki YouTube, jua kwamba dakika ya sifuri ya video ni pale matangazo yalipowashwa. Saa ya ukutani hutaiona hapo. Tafuta saa iliyo pembeni ya kioo, itie kwenye hesabu, halafu ihakiki sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Zikitofautiana, video imekatwa mahali fulani na hesabu yako imevunjika kuanzia hapo. Kama kioo hakina saa, tumia tena lile neno la Mwenyekiti.

Hatua ya 4: Andika kilicho kwenye kioo

Usijaribu kuandika kila kitu. Kila baada ya dakika 5 inua macho na uandike kilichopo sekunde ile tu: mjadala studio, mwandishi aliye eneo la tukio, Tume mubashara, namba na ramani, mwanasiasa anahojiwa, biashara, kingine. Kwa saa sita unapata mistari 72 kwa kila kituo, inatosha.

Safu mbili za ziada msiziache. Ya kwanza ni chanzo cha namba: Tume, fomu zilizobandikwa kituo cha kupigia kura, wakala wa chama, au hakikutajwa. Hiyo ya mwisho huwa ndefu kuliko mnavyotegemea. Ya pili ni "iliondolewa?" Mwaka 2000 vituo vya Marekani vilimpa Gore jimbo la Florida jioni, vikamnyang'anya, vikampa Bush baada ya saa nane usiku, na hiyo nayo vikaifuta. Ukiandika aliyewahi bila kuandika aliyefuta, unampa tuzo aliyekosea haraka.

Watu wawili waandike nusu saa ile ile bila kuchunguliana. Mkipatana chini ya mara nane katika kumi, makundi yenu hayaeleweki, yapunguzeni. Mara nyingi ugomvi ni "mjadala studio" na "mwanasiasa anahojiwa", pale mwanasiasa anapokuwa ameketi studio.

Hatua ya 5: Takwimu za watazamaji

Kabla ya kunakili namba yoyote, iulize inahesabu nini. Wastani wa watu waliokuwa wakitazama kwa dakika? Kilele, yaani ile dakika moja iliyojaa kuliko zote? Au kila aliyepita hata kidogo? Kituo kitakutangazia ile iliyo kubwa, na hiyo ya tatu karibu kila mara ndiyo kubwa.

Asilimia nazo ni za aina mbili. Chukua mtaa wa nyumba 100 zenye runinga. Usiku ule 40 zimewashwa, na 10 kati ya hizo ziko kituo A. Kituo A kina asilimia 10 ya nyumba zote, na mgawo wa asilimia 25 wa zilizowashwa. Zote mbili ni kweli. Ukiweka 10 ya huyu kando ya 25 ya yule, umedanganya.

Tumia mgawo hasa unapolinganisha miaka. Usiku wa uchaguzi wa Marekani, Nielsen walihesabu watazamaji milioni 71.4 katika saa za jioni zenye watazamaji wengi mwaka 2016, milioni 56.9 mwaka 2020, na milioni 42.3 mwaka 2024. Fox News walikuwa na milioni 13 na nusu hivi mwaka 2020, wakashuka hadi milioni 10 hivi mwaka 2024. Kichwa cha habari kitasema wameporomoka. Gawanya: miaka yote miwili ni karibu robo ya watazamaji wote. CNN ndio walioteleza, kutoka milioni 9 hivi hadi milioni 5 hivi, yaani kutoka asilimia 16 hadi 12, na MSNBC wakawapita.

Hata hizo jumla tatu hazilingani sawasawa. Ya 2016 ilijumlisha vituo 13, ya 2020 vituo 21, ya 2024 vituo 18. Tena kuanzia 2020 Nielsen waliingiza kwenye hesabu ya kitaifa wanaotazama nje ya nyumbani, baa na mahotelini. Kwa maana hiyo watu wa baa wamo kwenye 56.9 na hawamo kwenye 71.4, na pengo halisi ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Hilo la baa kwetu ni zito zaidi. Usiku wa matokeo pale Kirumba king'amuzi kimoja kina watu hamsini mbele yake, nusu wamesimama barabarani. Anayehesabu ving'amuzi anaona mteja mmoja. Tafiti zetu nyingi huuliza watu kwa simu walitazama nini, kama wafanyavyo GeoPoll. Huyo wa barabarani anaweza kupatikana, ila anajibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda kituo kinachojulikana. Ukipewa karatasi inayosema "tunaongoza Kanda ya Ziwa", uliza waliulizwa watu wangapi, wa wilaya zipi, lini, na nani alilipia. Kama hawajibu, namba hiyo usiitumie hata kwenye tanbihi.

Idadi ya waliofungua video YouTube iwekeni jedwali lake peke yake. Inaongezeka mpaka leo, na wewe uliyeirudia mara nyingi kutafuta saa ya ukutani umo humo.

Hatua ya 6: Jedwali la mwisho

Mistari ni vituo. Safu za kilichoonyeshwa kushoto, za watazamaji kulia, na chini ya kila namba ya kulia andika nani aliihesabu na inahesabu nini. Msijumlishe pande mbili kupata "alama ya jumla". Wasimamizi huipenda, lakini hakuna anayeweza kueleza imetoka wapi siku ya kutetea. Kaunta buku liende nanyi kwenye utetezi, na rekodi msizifute mpaka ripoti isainiwe.