Mtoto akibanwa kifua usiku: yajue haya mapema

Jifunze kuhesabu pumzi za mwanao angali mzima. Akiwa amelala au ametulia, mfunue nguo mpaka kitovuni, washa taa, weka saa ya simu, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana pumzi za kichanga hazilingani: huenda mbio, zikapungua, zikasita. Akilia au akinyonya, hesabu hiyo haifai.

Wahudumu wa afya huhesabu kwamba anapumua haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, 50 kuanzia miezi 2 hadi atimize mwaka, na 40 kuanzia hapo hadi miaka 5. Ziandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya kadi ya kliniki.

Hata hesabu ikiwa sawa, tazama pale mbavu zinapoishia. Pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi, mpeleke kituoni. Kichanga huweza kubonyea kidogo akiwa hana ugonjwa, ndiyo maana nasisitiza umjue akiwa mzima. Angalia pia pua zinazotanuka, kichwa kinachotikisika kila pumzi, kuguna anapotoa hewa, au mkoromo anapovuta hewa naye ametulia. Kwa ngozi yetu nyeusi rangi ya uso hudanganya: tazama ulimi na ufizi. Vikiwa vya buluu au kijivu, au mtoto hawezi kunyonya, amepata degedege, au haamki vizuri, usihesabu chochote. Ondoka.

Uondoke na nani? Zahanati nyingi hufungwa jioni. Siku ya kliniki muulize nesi ni kituo gani cha karibu kinachopokea wagonjwa usiku na kina oksijeni. Weka namba ya bodaboda au jirani mwenye gari anayepokea simu saa nane za usiku, na nauli isiyoguswa.

Antibiotiki iliyobaki kwa kaka yake usimpe. Na tafadhali, asikatwe kimeo: hakutibu kikohozi, na watoto huvuja damu na kupata maambukizi kwa kisu hicho.

Njiani mbebe wima, usimfunike uso, usimlazimishe kunywa. Mkifika msikae foleni. Mwambie mhudumu wa kwanza utakayemwona kwamba mtoto anapumua kwa shida, umtajie hesabu uliyopata na saa ilipoanza.