SOMO: Pancha, na gari halina spea

Wakuu, nimechoka kujibu hili inboksi. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Toka barabarani, washa taa za hatari, vuta breki ya mkono, weka pembetatu.

2. Kagua tairi. Msumari kwenye kashata (sehemu inayogusa barabara), endelea, na usiuchomoe: kwa sasa ndio kizibo chako. Ubavu umechanika? Ita gari la kuvuta.

3. Inua zulia la buti, toa chupa ya gundi ya kuziba tundu na pampu ya volti 12, viunganishe kwa mpira wake na vali ya tairi. Injini iwe inaunguruma, usije ukamaliza betri.

4. Hapa ndipo nilipochemka. Ukiwasha pampu, mshale wa geji unaweza kuruka hadi bar 6, maana gundi inajipenyeza kwenye vali nyembamba. Mimi nikajua tairi linapasuka, nikachomoa mpira. Gundi nyeupe ikanirukia suruali, viatu, mpaka kioo cha mlango. Chupa tupu, tairi limelala vilevile. USIGUSE KITU! Kama nusu dakika hivi mshale unashuka wenyewe, hapo ndipo uanze kuuamini. Pampu isizidi dakika 10, itaungua. Bar 1.8 ikigoma kufika, tundu ni kubwa, acha.

5. Ondoka papo hapo, gundi husambaa tairi likizunguka. Usizidi kilomita 80 kwa saa. Baada ya dakika 10 simama, pima, jaza upepo kufikia kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha nyoosha kwa fundi.

MASWALI

– Mkuu, langu limechanika ubavuni, gundi itashika?
– Soma namba 2.

– Mbona mimi nilienda polepole bila upepo mpaka kwa fundi na nilifika?
– Ulifika wewe. Tairi je? Ubavu ulisagika kwa ndani njia nzima.

– Samahani mkuu, chupa ikikaa miaka mingi kwenye buti inafaa bado?
– Afadhali umeuliza. Ina tarehe ya mwisho, iangalie leo. Ikipita, nunua chupa tu, pampu ni ileile. Na ukifika kwa fundi mwambie kuna gundi ndani kabla hajafungua, asije akaoga kama mimi. Kama ringi ina sensa ya upepo, aifute gundi.

– Tairi langu linapungua kidogo kidogo, msumari siuoni.
– Maji ya sabuni, pakaa kote, tazama panapotoa povu. Anza na vali, watu huisahau.