Fungate ya begi mgongoni: kujiandaa kutoka Mtwara

Anzeni na pasipoti, si mabegi. Kama bibi harusi amebadili jina, basi pasipoti, tiketi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano visome jina lilelile, herufi kwa herufi. Kimoja kikitofautiana mnaweza kukwama mpakani. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka.

Msumbiji ni jirani, lakini mkoa wake wa mpakani, Cabo Delgado, una mashambulizi tangu 2017. Sisi tunashauri Masasi, Tunduru, Songea, Njombe hadi Mbeya, kisha muingie Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu. Ni mwendo mrefu, ila salama zaidi.

Begi moja lisizidi kilo 10. Nguo za siku 4 zinatosha, mtafua. Kazeni kwanza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, ndipo mvute mikanda ya mabegani. Ukianza na ya juu, mzigo wote unaning'inia mabegani na jioni shingo haigeuki. Ndani ya begi tandikeni mfuko mzito wa nailoni, vitu visilowe. Kitenge kimoja kinakuwa shuka, taulo na pazia. Bebeni korosho za kukaanga nusu kilo.

Fedha gawaneni nusu kwa nusu, kila mmoja na zake. Kadi za benki zisikae pochi moja.