Kula ushibe huku unapungua: mwongozo wa jikoni Mombasa

Watu wengi wanaokuja kwangu kutaka ushauri wa lishe wameshajaribu dayati ya kwenye simu. Asubuhi yai moja, mchana tango na kipande cha kuku kikavu, usiku maji ya ndimu. Jumatatu mpaka Jumatano mambo yanakwenda. Alhamisi baada ya Magharibi utamkuta mtu amesimama mbele ya karai la viazi, bakuli la ukwaju mkononi, na Ijumaa kuna biriani ya shughuli. Hapo husema yeye hana msimamo. Mimi simwambii hivyo. Njaa mwana malegeza, wazee walishasema, na hakuna mtu anayeishinda mwezi mzima kwa ubishi.

Ninachofundisha ni kinyume cha kujinyima: sahani ibaki imejaa, ila kilichoijaza kibadilike. Kwa jiko letu la Pwani, mabadiliko makubwa yako kwenye tui, mafuta na vitafunio vya jioni. Wali wenyewe tunaulaumu kupita kiasi.

Kabla ya kuanza: ukiwa mjamzito, unanyonyesha, unatumia insulini au vidonge vya sukari, una ugonjwa wa figo, au uliwahi kuugua kwa sababu ya kujinyima chakula, muone daktari wako kwanza. Dawa za sukari ukizila kwa kipimo kile kile huku umepunguza chakula, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Na mtu yeyote asishuke chini ya kalori 1200 kwa siku kwa mwanamke, au 1500 kwa mwanamume, bila usimamizi wa daktari. Kwa wengi, kupunguza kama kalori 500 kutoka kile walichozoea kunatosha.

Kwanza elewa shibe inatoka wapi

Kuta za tumbo zina mishipa ya fahamu inayohisi zinapotanuka, nayo hupeleka habari kwenye ubongo. Mishipa hiyo inajua ujazo, haijui kalori. Chakula kikiingia utumboni, hasa chenye protini, hutolewa homoni zinazoueleza ubongo kwamba imetosha, na ile homoni ya njaa, ghrelini, hushuka. Yote haya huchukua kama dakika 20, ndiyo maana anayekula mbio humaliza sahani ya pili kabla ya habari kufika.

Sasa weka hesabu hii kichwani: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini, 4. Maji na nyuzinyuzi huongeza ujazo kwa kalori chache au bila kalori kabisa. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza kwa saa mbili wanavyojisikia. Mkate mweupe waliupa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, samaki 225, machungwa 202, wali mweupe 138. Krosanti, mkate ule wa Kifaransa uliojaa siagi, ilipata 47. Angalia hapo: viazi vilevile tunavyoviogopa ndivyo vilivyoshibisha kuliko vyote. Kalori 240 za viazi vya kuchemsha ni zaidi ya robo kilo. Chipsi za kalori hizo hizo hazifiki gramu 100.

Hatua ya 1: Tafuta kalori zilipojificha

Kwa siku chache usibadilishe chochote, andika tu. Usiandike "wali na mchuzi". Andika wali vikombe vingapi, tui kiasi gani, mafuta vijiko vingapi, chai ya sukari mara ngapi.

Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi. Kijiko kidogo cha sukari ni 16, kwa hiyo vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni kama 190, na hujala kitu bado. Kikombe cha wali mweupe uliokwisha kupikwa ni kama 200. Kikombe cha kasimile, yaani tui zito la kwanza, ni 450 mpaka 550. Mtu akiona namba hizi mbili za mwisho pamoja, huwa sina haja ya kuhubiri.

Hatua ya 2: Chagua kitoweo kabla ya wali

Sisi tumezoea kuuliza "leo tunapika wali au sima?" Anza na swali la kitoweo, kwa sababu protini ndiyo inayoshika tumbo mpaka mlo unaofuata. Lenga kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, kama gramu 120 bila miba. Changu, tasi, kolekole, jodari, wote wanafaa wakipikwa mchuzi au kuchomwa juu ya makaa. Samaki mkavu wa kukaanga anabeba mafuta ya karai pamoja naye.

Pweza ni mali ambayo wengi wanaopunguza mwili hawaijui. Gramu 100 za pweza mbichi zina kalori 82 tu na protini gramu 15 hivi, na kwa vile anatafunwa polepole, zile dakika 20 zinapita zenyewe. Supu yake ya jioni, ile ya pilipili na ndimu, nairuhusu bila masharti, isipokuwa kwa mwenye presha: aulizie chumvi.

Siku ambazo samaki ni ghali, mbaazi, kunde na pojo. Gramu 100 za mbaazi zilizopikwa kwa maji zina kalori 120 hivi, protini karibu gramu 7 na nyuzinyuzi karibu gramu 7. Vyakula vyenye vyote viwili kwa bei ile si vingi.

Hatua ya 3: Shughulikia tui

Hapa ndipo watu wa Mombasa hunikimbia. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mchuzi bila nazi ni wa wodini." Namuunga mkono. Nazi inabaki, kinachobadilika ni lini inaingia na kiasi gani.

Kwa mchuzi wa samaki wa watu wanne, fanya hivi. Ikune nazi moja, ukamue kasimile kwa maji kidogo, uiweke kando. Rudisha machicha kwenye maji ya uvuguvugu, ukamue tena tui la pili, jepesi. Katika sufuria tia kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kitunguu, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi. Vikianza kushika chini, nyunyiza maji badala ya kuongeza mafuta. Tia tungule (nyanya) nne zilizosagwa, manjano, bizari ya mchuzi na chumvi, uziache zikauke vizuri. Watu huharakisha hapa, kisha mchuzi unakuwa mwembamba na wanauokoa kwa nazi.

Mimina tui jepesi. Ili mchuzi uwe mzito, tia kikombe cha boga lililochemshwa na kupondwa, au bamia chache zilizokatwa. Boga lina utamu wa kimyakimya unaokaa vizuri na nazi, na hakuna mgeni aliyewahi kunigundua. Ukichemka weka samaki, kamulia ukwaju, acha dakika kumi hivi kulingana na unene wa vipande. Ukishaepua ndipo unatia vijiko vitatu vikubwa vya kasimile, unazungusha sufuria bila kukoroga. Harufu ya nazi inabaki juu, na ndiyo inayofika puani kwanza. Kila mtu anapata kama kalori 25 za kasimile, ambapo kikombe kizima kingempa 120 na zaidi. Kasimile iliyobaki igandishe kwenye trei ya barafu. Kila kipande ni mchuzi wa siku nyingine.

Mtego mwingine ni mboga yenyewe. Mchicha mtupu ni kalori chache sana, lakini mchicha wa nazi nzito ni nazi iliyotiwa rangi. Vivyo hivyo mabiringani, yanakunywa mafuta yote unayoyapa. Yachome motoni kwanza, umenye, uponde na kitunguu, ndimu na pilipili. Kisamvu nacho kitwangwe na kichemshwe mpaka kiive hasa, hilo halina mjadala, maana kibichi kina sumu.

Hatua ya 4: Panga sahani

Nusu ya sahani mboga na kachumbari. Robo kitoweo. Robo wali, sima au viazi, yaani kama kikombe kimoja kilichopikwa. Mboga iwe na maji na kutafunika: mchicha, matembele, mnavu, kabichi, bamia. Kachumbari ya tungule, kitunguu, tango na ndimu usiipime, kula upendavyo, na ianze kuliwa kabla ya wali. Supu nyepesi kabla ya chakula nayo husaidia, kwa sababu tumbo limeshapata ujazo kabla hujagusa tonge la kwanza.

Mara mbili tatu kwa wiki badilisha wali kwa viazi vya kuchemsha, viazi vitamu au ndizi mbichi za mchuzi. Muhogo uhesabu vizuri: una wanga mwingi kuliko viazi, hata ukichemshwa tu.

Na sinia? Kula pamoja ni jambo jema, lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenyeji akiona pako peupe anasukuma wali upande wako. Nyumbani, jipakulie sahani yako na ukae na wenzako palepale. Ugenini au kwenye harusi, kula mbele yako taratibu, anza na nyama na kachumbari, mkono uwe wa mwisho kuingia siniani. Biriani ya Ijumaa moja haiharibu mwezi. Kinachoharibu ni kushinda na njaa tangu asubuhi ili "kuiwekea nafasi".

Hatua ya 5: Asubuhi, geuza uwiano

Mahamri matatu na mbaazi kidogo za kuchovya, hiyo ndiyo desturi. Geuza: hamri moja, na bakuli zima la mbaazi zilizopikwa kwa tui jepesi kama la mchuzi. Asiyependa kitu kizito asubuhi ale mayai mawili na chungwa, au uji wa wimbi na maziwa lala pembeni. Sukari ya chai ipunguze nusu kijiko kila wiki; ukiikata ghafla utairudia.

Hatua ya 6: Saa kumi mpaka Magharibi

Ukifuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Saa hiyo chakula cha mchana kimeshuka, cha usiku kiko mbali, jua limepoa, na kila kona ina bhajia, viazi karai, krispi za muhogo, kashata. Anayetoka kazini kupitia Mwembe Tayari au kusubiri feri ya Likoni anapita katikati ya mafuta ya moto. Kumwambia avumilie ni kumwonea.

Kula kabla ya kutoka kazini, saa kumi hivi: matunda mawili mazima na kikombe cha maziwa lala, au bakuli la kunde za kuchemsha na kitunguu. Tunda liwe zima, maana juisi inapita bila kukaa tumboni. Embe bichi la pilipili na chumvi kidogo ni kitafunio kizuri sana, na tikiti maji lina kalori 30 tu kwa gramu 100. Dafu linywe maji yake, nyama yake onja, kwa sababu kadiri inavyokomaa ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Kahawa chungu ruhusa. Kashata yake ndiyo yenye deni. Karanga na korosho ni chakula kizuri lakini gramu 100 za karanga zina zaidi ya kalori 560, kwa hiyo nunua kifuko kidogo na usikae karibu na muuzaji.

Ramadhani saa hii hii ndiyo futari, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tende tatu, maji, bakuli la supu, kisha ukasali. Ukirudi mezani zile dakika zimeshapita, na utashangaa kaimati zinavyokosa mvuto. Daku iwe na mbaazi au mayai. Chai na mkate havikufikishi adhuhuri.

Mambo madogo yanayobaki

Glasi mbili za maji nusu saa kabla ya kula. Lala vya kutosha, kwani asiyelala huamka na njaa isiyoshiba. Nyuzinyuzi ziongeze polepole mpaka gramu 25 au 30 kwa siku, pamoja na maji, la sivyo gesi itakutangaza msikitini.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Ukisikia njaa ndani ya saa mbili baada ya kula, ongeza samaki au kunde katika mlo huo kabla ya kuongeza wali. Ukisikia njaa usiku tu, kosa liko kwenye saa kumi. Na uzito ukigoma wiki tatu mfululizo, rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza utazame vijiko vya mafuta na kasimile, kisha punguza wali robo kikombe. Mboga usiiguse.